Wadukuzi wakifunga kompyuta za umeme, tulipe? Maelezo kwa wasimamizi na wateja wa Lubumbashi

Kila tunapokaa na watu wa umeme, wa migodi na wa depo za mafuta hapa Lubumbashi, swali linalotangulia mengine ni hili: wakitufungia kompyuta wakadai kikombozi, tulipe au tusilipe? Nafundisha usalama wa mitandao katika taasisi ya hapa mjini, na jibu langu kwa kampuni ya umeme au ya mafuta ni kwamba isilipe. Ila jibu hilo peke yake halimsaidii mtu. Kampuni isiyojiandaa haina uwezo wa kukataa. Itatoa matamko makali siku mbili tatu, halafu italipa kimyakimya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo yanayoiwezesha kampuni kusema hapana.

Shambulio lenyewe huenda hivi. Mdukuzi anaingia, mara nyingi kwa nenosiri lililoibwa au kwa barua pepe iliyobeba faili baya. Anaweza kukaa ndani siku kadhaa, hata wiki, akichunguza: seva (kompyuta kuu) ya mauzo iko wapi, nakala rudufu (nakala za akiba za data) zinatunzwa wapi, nani ana mamlaka ya juu kwenye mtandao. Anajichotea mafaili anayoyataka. Ndipo anaiachia programu inayoyageuza mafaili yote kuwa takataka isiyosomeka, na kwenye kioo inabaki barua: lipeni kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni, kabla ya tarehe fulani. Siku hizi madai huwa mawili kwa mkupuo, pesa ya kupewa ufunguo wa kuyafungulia mafaili na pesa ya kunyamaziwa ili data zilizoibwa zisimwagwe hadharani.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Colonial Pipeline, bomba la mafuta la Marekani lenye urefu wa karibu kilomita 8,850, linalotoka Texas hadi upande wa New York na kubeba karibu 45% ya mafuta ya pwani ya mashariki. Alfajiri ya tarehe 7 Mei 2021 mfanyakazi wa chumba cha uongozaji aliikuta barua ya madai kwenye kompyuta. Muda mfupi baadaye bomba lote lilizimwa. Wengi hawajui kwamba wadukuzi hao, kundi la DarkSide, hawakuyagusa mabomba wala pampu. Walizifunga kompyuta za ofisi, zikiwemo za kutoza bili, na wenye kampuni ndio waliozima bomba kwa kuogopa kwamba uharibifu ungevuka hadi kwenye mitambo. Mlango ulioingiliwa ulikuwa akaunti ya zamani ya kuunganishia kutoka mbali. Akaunti hiyo haikuwa na kazi tena, hakuna aliyeifunga, na ililindwa na nenosiri moja tu.

Siku iliyofuata kampuni, kwa idhini ya mkurugenzi mkuu wake, Joseph Blount, ililipa bitcoin 75, kiasi cha dola milioni 4.4. Mbele ya Baraza la Seneti alisema huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko wote katika miaka yake 39 ya kazi ya nishati, na mimi simcheki. Lakini tutazame alichokipata. Programu ya kufungulia aliyopewa ilikwenda polepole mno, hata kampuni ikaendelea kurudisha mifumo kwa kutumia nakala zake yenyewe. Bomba lilianza kusukuma tena jioni ya tarehe 12 Mei. Katikati ya siku hizo watu walivamia vituo vya mafuta hadi vingi vikakauka, na serikali ikalazimika kuwaonya raia wasijaze petroli kwenye mifuko ya plastiki. Mwezi uliofuata FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, ilizinasa bitcoin 63.7 kati ya zile 75, lakini bei ilikuwa imeanguka, zikawa na thamani ya dola milioni 2.3 hivi. Kurudishiwa vile ni bahati, na hakuna mhasibu anayeiandika bahati kwenye bajeti. Binafsi sioni ushahidi kwamba malipo yale yaliwahisha mafuta hata kwa siku moja.

Tukija karibu na kwetu, tarehe 25 Julai 2019 kampuni ya umeme ya jiji la Johannesburg, City Power, ilifungiwa mifumo yake. Mitambo ya umeme haikuguswa, lakini wateja wa mita za malipo ya kabla, zile wenzetu wa Goma wanaziita kashpawa, walishindwa kununua umeme, na wengi walikuwa ndio kwanza wamepokea mishahara. Inafaa kuelewa sababu. Ukinunua umeme wa namna hiyo unapewa namba yenye tarakimu 20. Mita yako haina haja ya intaneti ili kuikubali. Ina ufunguo wa siri ndani yake na inaikagua namba yenyewe. Lakini namba inatengenezwa na seva ya kampuni, na seva ikifungwa hakuna namba mpya inayotoka. Mwenye yuniti 40 anaendelea kupika. Aliyebakiwa na mbili anaingia gizani, ingawa nyaya zilizo juu ya paa lake zina umeme wa kutosha. Ndiyo maana nawaambia mafundi kwamba seva ya mauzo ni mtambo kama turbini, na ilindwe kama turbini. Miezi mitatu baadaye jiji hilo lilishambuliwa tena, upande wa manispaa safari hii, likadaiwa bitcoin 4. Lilizima huduma zake za mtandaoni, likatangaza wazi kwamba halitalipa, likajenga upya.

Sasa hoja yenyewe. Katika nchi yetu neno kikombozi linaleta picha ya mtu aliyetekwa barabarani, na familia inayochanga usiku kucha. Simwambii mzazi yeyote asilipe. Mtoto akirudi amerudi, mtekaji habaki na mtoto mwingine anayefanana naye. Data haziko hivyo. Aliyeziiba anabaki na nakala hata baada ya kukupa ufunguo, na ahadi yake ya kuzifuta huwezi kuihakiki. Mwezi Februari 2024 polisi wa nchi kadhaa walipozivamia seva za kundi la wadukuzi la LockBit, walikuta humo data za waathirika waliokwisha kulipa. Mwezi huohuo kampuni ya afya ya Marekani, Change Healthcare, ilishambuliwa ikalipa dola milioni 22, kisha wezi wakadhulumiana wenyewe kwa wenyewe na kundi jingine likaja kudai upya kwa data zilezile.

Kuna pia barua za madai ambazo nyuma yake hakuna ufunguo kabisa. Tarehe 27 Juni 2017 programu iliyoitwa NotPetya ilienea kutoka Ukraine, ikaziingia hata kampuni za umeme za huko, ikidai dola 300 kwa kila kompyuta. Namba ya utambulisho waliyoonyeshwa waathirika ilikuwa ya kubahatisha tu, haikuhusiana na ufunguo wowote. Aliyelipa alipoteza data na pesa pia. Kwenye nishati jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu anayeushambulia umeme wa nchi mara nyingine anataka giza, na madai ya pesa ni kisingizio.

Hoja inayonisumbua zaidi siisikii ikijadiliwa hapa. Kampuni ya umma ikinunua transfoma, kuna zabuni, kuna fakitire, kuna sahihi. Kikombozi hakina fakitire. Kinatoka kwa haraka, kwa siri, kwenda kwenye anwani ya bitcoin isiyo na jina. Nani atahakiki kwamba madai yalikuwa milioni moja na siyo laki nne? Nani atahakiki kwamba barua ya madai haikuandikwa na mtu aliye ndani ya jengo lilelile? Mkiruhusu malipo ya namna hiyo mara moja, mmefungua dirisha ambalo mkaguzi wa hesabu hataweza kulichungulia. Hata kama wadukuzi wote wangekuwa waaminifu, hili peke yake lingenitosha kupinga.

Kutolipa kuna gharama, na anayesema vinginevyo anadanganya. Kampuni ya Norway, Norsk Hydro, inayozalisha alumini na umeme wa maji, ilishambuliwa Machi 2019. Ilikuwa na wafanyakazi wapatao 35,000. Ilikataa kulipa na ikapoteza makumi ya mamilioni ya dola. Kwenye milango ya ofisi zilibandikwa karatasi zikiwakataza watu kuunganisha kompyuta kwenye mtandao. Viwandani walirudi kwenye maagizo yaliyochapwa kwenye karatasi, na wastaafu waliozijua kazi kabla ya kompyuta walirudi kusaidia. Iliwezekana kwa sababu nakala zao zilikuwa salama, na kwa sababu bado kulikuwa na watu wanaojua kuendesha mashine kwa mkono.

Hapa Katanga tuna mtaji ambao hatuuthamini. Kituo cha umeme wa maji cha Mwadingusha kinazalisha tangu 1930, Nzilo tangu 1952, Nseke tangu 1956. Mafundi waliokulia kwenye vituo vya aina hiyo wanajua kufunga swichi kubwa kwa mkono na kusoma mita ya sindano. Tarehe 23 Desemba 2015 wadukuzi walipowakatia umeme wateja kama 225,000 nchini Ukraine, waliourudisha ndani ya saa chache ni mafundi waliopanda magari wakaenda vituoni kuwasha swichi wenyewe. Vituo vyetu vikikarabatiwa na kupewa uongozaji wa kompyuta, jambo ambalo ni jema, ujuzi ule usistaafu pamoja na wazee. Uandikwe, na vijana waufanyie zoezi angalau mara moja kwa mwaka, mitambo mipya ikiwa imezimwa.

Mengine ni ya kila siku. Nakala moja ya data ikae mahali ambapo hakuna waya wala Wi-Fi inayofika, na ijaribiwe kurudishwa. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa usiihesabu. Mtandao wa ofisi utenganishwe na ule wa mitambo, ili bili zikifungwa Kolwezi au Lubumbashi pasiwe na mtu wa kuzima laini kwa hofu. Akaunti ya aliyeacha kazi ifungwe siku anayoondoka. Na bodi iandike mapema, kwenye kikao cha kawaida, kwamba kampuni hailipi. Usiku wa shambulio, mtu mwenye barua ya madai mkononi na simu za gavana sikioni hawezi kufikiri vizuri.

Je, hakuna siku ya kulipa? Naweza kuifikiria moja: maisha ya watu yako hatarini saa hiyo, hakuna njia ya mkono, na wataalamu wamethibitisha kwa kufunguliwa mafaili ya majaribio kwamba ufunguo upo. Hata hapo, uamuzi usiwe wa mkurugenzi peke yake, na uandikwe. Kwa kampuni ya umeme hali hiyo ni nadra kuliko tunavyoogopa. Hospitali zetu zinaishi na delestaji, yaani mgao wa umeme, na zina jenereta. Kinachohitajika haraka ni mazutu, na pesa ya kikombozi inunuliwe hiyo.

Upande wa sheria mambo yanasogea. Mwaka 2023 nchi zipatazo 40 ziliahidi kwamba serikali zao hazitalipa vikombozi vya mtandaoni. Mwezi Julai 2025 Uingereza ilitangaza nia ya kuwakataza kabisa waendeshaji wa miundombinu muhimu, umeme ukiwemo. Marekani haijakataza, ila anayelipa kundi lililowekewa vikwazo anaweza kuadhibiwa hata kama hakujua analipa nani, na benki zinazopitisha dola zetu zinalijua hilo. Kwetu Kongo, Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inaufanya udukuzi kuwa kosa la jinai, kwa hiyo shambulio lipelekwe kwa mwendesha mashtaka, na kompyuta zilizofungwa zisifutwe kabla ya ushahidi kunakiliwa.

Nawe mteja, siku mauzo ya umeme yakisimama, usikubali kuuziwa namba za mita kwenye WhatsApp. Matapeli hujitokeza kabla kampuni haijatoa tangazo la kwanza. Usikimbilie makadafi, wauza mafuta wa barabarani, kujaza vidumu, kwa sababu mafuta yetu yanapita mpakani Kasumbalesa na foleni ya hofu hupandisha bei siku hiyohiyo. Weka akiba ndogo ya yuniti kama mfuko unaruhusu. Na kwenye mikutano ya wateja, baada ya kuuliza juu ya transfoma ya mtaa, uliza na hili: mara ya mwisho mlijaribu lini kurudisha seva ya mauzo kutoka kwenye nakala, na ilichukua saa ngapi?