"Mungu hakupi mzigo usiouweza"? Mstari hausemi hivyo

Msibani utaisikia tu, mama amekaa kwenye mkeka kashika kanga aliyokuwa anambebea mwanae, mtu anamuinamia anamwambia "jikaze, Mungu hampi mtu mzigo asiouweza", mama anaitikia kwa kichwa ila usiku anabaki anajiuliza mbona mimi nashindwa, au imani yangu ndogo?

Wengi wanaitoa kwenye Biblia, 1 Wakorintho 10:13, pale mtume Paulo anaposema Mungu hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo. Sasa anza kusoma juu kidogo, Paulo anaongelea Waisraeli kule jangwani, sanamu, uzinzi, manung'uniko, na mstari wa 14 anasema ikimbieni ibada ya sanamu. Yaani pale hasa ni majaribu ya kuvutwa dhambini, na ahadi ni kwamba mlango wa kutokea utakuwepo. Hajasema huzuni yako itapimwa kwenye mizani kwanza.

Afu Paulo huyohuyo, 2 Wakorintho 1:8, anaandika kuhusu dhiki iliyowapata Asia (ndio upande wa Uturuki ya leo), kwamba walilemewa kuliko nguvu zao mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Mtume kabisa! Mstari wa 9 anaeleza ilikuwa hivyo ili wasijitumainie wenyewe, wamtumaini Mungu anayefufua wafu.

Kwa hiyo kuelemewa sio dalili kwamba imani imefeli, na kwa kweli huo msemo naona unawaumiza watu tunaowapenda. Ukifika pale kwenye mkeka kaa nae tu, mshike mkono, akisema nguvu zimeisha mwambie hata Paulo ziliisha, na Mungu hakumwacha.