Nihilizimu ni nini, na sofa za msimu wa korosho zinaingiaje hapo

Wengi wakisikia nihilizimu wanadhani ni kukata tamaa, au kutoamini Mungu basi. Sio ivo. Ni hoja kwamba hamna kitu chenye thamani ya kwake chenyewe, wema, ubaya, kazi, ndoa, vyote tumejipangia tu na chini yake patupu. Mtu anaweza kuwa nayo na bado anacheka na kula bata freshi kabisa.

Anayetajwa sana ni Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani (1844–1900), na anasingiziwa kwamba aliishabikia. Mwaka 1882 aliandika kuwa Mungu amekufa, ila hakuwa anashangilia, alikuwa anaishtua Ulaya kwamba imeiacha imani iliyobeba maadili yake alafu inajifanya hamna kilichobadilika.

Sasa pengo kama hilo halikai wazi, linajazwa vitu. Njoo Newala au Tandahimba, huku Mtwara, minada ya korosho ikishashika moto na hela zikianza kusoma benki, sofa zinashushwa kwenye Kanta kila mtaa, alafu ikifika sebuleni nailoni haivuliwi, watoto wanafukuzwa wakakae mkekani, yani kitu cha kukalia hakikaliwi, kazi yake ionwe na wageni na iingie stetasi. Hakuna aliyesema maisha hayana maana, lakini thamani imehamia kwenye kitu, na kitu kikishazoeleka inabidi kitafutwe kingine.

Ila sikubaliani na wanaosema kila mnunuzi ni mtupu (wenyewe wanabadilisha simu kila mwaka). Mama aliyetoa makuti akapiga bati kanunua usingizi wa masika, huyo humwambii kitu.

Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyetoka hai kambi za Wanazi, alisema maana inapatikana kwenye kazi unayoifanya, mtu unayempenda, na namna unavyobeba mateso yasiyokwepeka. Yote hayo yako nje ya kujitazama mwenyewe.

Kwa kipimo hicho unyago nao ni matumizi makubwa tu, unga, mbuzi, kanga, ngoma mpaka asubuhi, ila mtaa mzima unakula na mwali anatoka akiwa na nafasi mpya kati ya watu. Shida ni saivi, kuna wanaokopa ili wamzidi jirani sare na sabufa, hapo mwali ni kisingizio tu.