Makopo 32 ya supu: yanayosemwa kuhusu Warhol na ukweli wake

"Alichapa tu kwa mashine." Katika yote yanayosemwa kuhusu picha za makopo ya supu ya kampuni ya Campbell's, kazi ya msanii Mmarekani Andy Warhol, hili ndilo huniuma zaidi, maana linafuta kazi ya mikono yake. Ile mbinu ya kusukuma rangi kupitia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, kama wafanyavyo wachapaji wa fulana, aliianza baadaye mwaka huohuo wa 1962. Makopo haya aliyapaka kwa brashi. Alimulika picha ya kopo kwenye turubai kwa projekta, akafuatisha mistari kwa penseli, kisha akajaza rangi. Vile viua vya yungiyungi chini ya lebo alivigonga kimoja kimoja kwa muhuri. Vitazame kwa karibu: havilingani.

Wengine hudhani ni picha moja iliyorudiwa. Kumbe ziko turubai 32, kila moja sentimita 51 kwa 41, na kila moja ina supu yake: nyanya, uyoga, kuku na tambi, maharage meusi. Campbell's iliuza aina 32 wakati huo, naye hakuruka hata moja. Lakini hakunakili kila kitu. Nishani yenye michoro iliyo katikati ya lebo halisi, yeye aliifanya duara tupu la rangi ya dhahabu.

Je, kampuni ilimlipa aitangaze? Hapana, haikumwagiza. Barua ya pongezi kutoka kwa meneja wake mmoja ilimfikia mwaka 1964.

Wala hakutajirika papo hapo. Julai 1962 picha zilipangwa kwenye rafu nyembamba, kama bidhaa dukani, katika Ferus Gallery huko Los Angeles. Bei ilikuwa dola 100 kila moja. Galari ya jirani ikaweka makopo halisi ya supu dirishani, ikitangaza kwamba kwake ni nafuu. Wanunuzi walikuwa wachache mno. Hapo Irving Blum, mwenye Ferus, alifanya jambo ninalomheshimu kwalo mpaka leo: aliwaomba waliokwisha kununua waziachie ili zisitawanyike, akamlipa Warhol dola 1,000 kwa zote, dola 100 kila mwezi.

Jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA la New York lilipozichukua mwaka 1996, zilikuwa 32 kamili.