Hillsborough hawakukanyagana

Nafundisha wasimamizi wa milangoni viwanjani. Kila somo likifika kwenye maafa ya Hillsborough, uwanja wa soka wa Sheffield, Uingereza, lazima mmoja aseme: "Si ndiyo wale waliokanyagana?" Nimechoka kulisikia. Watu walipokufa Nyayo, Nairobi, 2010 tulisema kukanyagana, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, 2021 vilevile. Mtu akilisikia neno hilo huona watu wanakimbia, mmoja anajikwaa, wenzake wanampitia juu. Lawama zote zinamwangukia aliyekuwa anakimbia.

Tarehe 15 Aprili 1989 pale Sheffield hakuna aliyekuwa mbioni. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest. Mashabiki wa Liverpool walirundikana nje ya milango michache ya Leppings Lane, upande wao wa uwanja, na dakika chache kabla ya saa tisa alasiri polisi wakaamuru geti C lifunguliwe. Watu wapatao 2,000 wakaingia na kufuata njia waliyoiona mbele yao: kichochoro cha kwenda vizimba vya katikati (sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio), namba 3 na 4, ambavyo vilikwisha kujaa. Hakuna aliyewekwa mdomoni mwa kile kichochoro awaelekeze vizimba vya pembeni, kulikokuwa na nafasi. Mbele uzio wa chuma, nyuma watu wanazidi kuja. Katika kizimba cha 3 chuma cha kuegemea kikakatika, watu wakaangukiana. Wengine walikata roho wakiwa wima. Kifua kikibanwa pande zote hakipanuki, na hewa iliyojaa juu ya kichwa chako haikufai kitu. Waliopoteza maisha ni 97.

Darasani nachora kwa chaki mraba wa mita moja. Wakiingia wanne, wanapiga soga. Wakifika saba, namwambia mmoja ainame afunge kamba ya kiatu. Hawezi. Hata miguu yake haioni. Hapo umati unaanza kwenda kama maji: mmoja akisukumwa nyuma, wa mbele anayumba, na hakuna aliyekusudia.

Wazee waliosimama kwenye Kop, jukwaa la mashabiki wa Liverpool katika uwanja wao wa Anfield, wanalijua hilo kwa miili yao. Husimulia jinsi Liverpool ilipokuwa ikishambulia walivyobebwa ngazi kadhaa chini, miguu haigusi zege, kisha wimbi likawarudisha. Wanasimulia kwa furaha, nami nawaelewa. Lakini yale mawimbi ndiyo yaleyale. Tofauti ni kama watu wana pa kutokea au hawana.

Kwa hiyo wanaosema "kusimama ndiko kulikoua" nao hawasemi kweli. Baada ya ripoti ya 1990 ya Jaji Taylor, aliyechunguza maafa hayo, viwanja vya ligi za juu Uingereza vililazimika kuweka viti, na mashabiki walitazama mechi wakiwa wamesimama kwenye Kop mara ya mwisho tarehe 30 Aprili 1994, Liverpool ikafungwa 1-0 na Norwich. Tangu 2022 kusimama kumeruhusiwa tena kwenye baadhi ya majukwaa, kila safu ikiwa na chuma chake cha kushika.

Wengine husema wa Hillsborough "walikuwa walevi wasio na tiketi." Hapana. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lililosikiliza uchunguzi wa vifo hivyo lilisema marehemu waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuchangia maafa hayo.

Na kuhusu Ibrox, uwanja wa Glasgow, Scotland, husema: "Mwaka 1971 walikufa kwa sababu waliokuwa wanaondoka waligeuka kurudi waliposikia goli." Uchunguzi ulionyesha wote walikuwa wakishuka upande mmoja. Mtu alianguka kwenye ngazi, wa nyuma wakashindwa kusimama, na 66 wakafa.

Ukijikuta ndani ya umati uliobanana, weka mikono mbele ya kifua kama bondia, usishindane na wimbi, na likirudi nyuma sogea kimshazari kuelekea pembeni. Na wewe unayelinda mlango, tazama nyuso. Goli likiingia na watu hawainui mikono kwa sababu imenasa, huku videvu vimeelekezwa juu kutafuta hewa, simamisha wanaoingia hapohapo na fungua mageti ya kuelekea uwanjani. Usingoje mtu aanguke.