Kuthibitisha dodoso la afya ya akili: maana yake ni nini?

Anayetafuta malaria anachoma kidole na kusoma kipimo. Anayetafuta sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, au wasiwasi uliopitiliza hana cha kuchoma. Anamtegemea mwenye hali aseme mwenyewe anavyojisikia, na ndiyo sababu yakatungwa madodoso ya kujieleza: maswali mafupi ambayo mtu anayajibu kwa kuchagua jibu, kila jibu lina alama, na alama zinajumlishwa. Kuthibitisha dodoso ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba jumla hiyo inapima kweli kile kinachodaiwa kupimwa, kwa watu hawa hasa, katika lugha hii hasa.

Dodoso la sonona linalotumika sana ni PHQ-9, lililochapishwa Marekani mwaka 2001. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujilaumu, kushindwa kutuliza mawazo, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, na mwisho mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haipiti 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa huenda ana sonona inayohitaji kuangaliwa. Neno “huenda” lisidondoke hapo, kwa sababu dodoso huchuja tu. Kusema kwamba mtu ni mgonjwa ni kazi ya mtaalamu aliyekaa naye na kumsikiliza.

Uthibitishaji huanzia kwenye kueleweka. Dodoso likitoka Kiingereza, watu wawili hulitafsiri kila mmoja peke yake, kisha mwingine ambaye hajaiona nakala ya asili hulirudisha kwenye Kiingereza ili tofauti zionekane. Wengi huishia hapo, na mimi naona hapo ni mapema mno. Tafsiri inaweza kuwa sahihi kisarufi na bado msikilizaji akajibu swali lingine kabisa. Dawa yake ni kukaa na watu wa kawaida, kuwasomea swali moja moja na kuwauliza: wewe umeelewa unaulizwa nini? Umefikaje kwenye jibu hilo? Hapo ndipo unagundua, kwa mfano, kwamba anayesomewa maswali kwa sauti hatofautishi jibu la “zaidi ya nusu ya siku hizo” na lile la “karibu kila siku”, bali anachagua jibu lililotajwa mwisho kwa sababu ndilo analolikumbuka. Wanaojisomea karatasini na wanaosomewa na muuguzi si kundi moja, na dodoso lifanyiwe majaribio kwa namna litakavyotumika.

Halafu kuna uthabiti, yaani dodoso kutobadilikabadilika bila sababu. Mtu yule yule, hali yake ikiwa ile ile, akiulizwa tena baada ya siku chache atoe alama zinazokaribiana. Maswali yenyewe nayo yaelekee upande mmoja, jambo linalopimwa kwa kipimo cha alfa, ambacho kadiri kinavyokaribia 1 ndivyo maswali yanavyoshikamana, alichokitangaza mwanasaikolojia Lee Cronbach mwaka 1951. Ripoti nyingi hutaja alfa ya 0.8 na kufunga mjadala. Kumbe maswali yanaweza kushikamana vizuri sana huku yote kwa pamoja yakipima uchovu wa maisha magumu, si sonona.

Kwa hiyo kazi yenyewe hasa iko kwenye uhalali, yaani dodoso kupima kweli kile linachodai kupima. Watafiti huchukua kundi la watu, wakawapa dodoso, kisha mtaalamu aliyefunzwa akawahoji watu hao hao bila kuonyeshwa alama zao. Baadaye majibu mawili yanalinganishwa: kati ya wale ambao mtaalamu amewakuta na sonona, dodoso limenasa wangapi? Kati ya wazima, limewaacha wangapi? Katika utafiti wa mwanzo wa PHQ-9, kwa kikomo cha alama 10, majibu yote mawili yalikuwa asilimia 88.

Asilimia 88 inapendeza, lakini tuifanyie hesabu. Chukua watu 1000 wanaokuja zahanati, 100 kati yao wana sonona. Dodoso litanasa 88 na kuwakosa 12. Kwa wale 900 wazima, asilimia 12 watahesabiwa kimakosa, nao ni 108. Walionaswa wote ni 196, na wenye sonona kweli ni 88 tu, chini ya nusu. Lipeleke dodoso hilo hilo kwenye kliniki ambako wagonjwa ni 400 kati ya 1000: litanasa 424, na 352 kati yao ni wagonjwa kweli. Maswali hayajabadilika, kilichobadilika ni watu walioulizwa. Ndiyo maana mtu anayetangaza kwamba nusu ya wanafunzi wa chuo fulani wana sonona, kwa sababu tu nusu yao walivuka kikomo kwenye fomu ya mtandaoni, anapotosha.

Kikomo chenyewe nacho hakisafiri vizuri. Dodoso la Hopkins la wasiwasi na sonona, lenye maswali 25, huwa na kikomo kilichozoeleka cha wastani wa alama 1.75 kwa kila swali. Sylvia Kaaya na wenzake walipolijaribu Dar es Salaam kwa wanawake wajawazito wenye VVU, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, kikomo kilichofaa kilikuwa 1.06. Wangetumia kile cha kigeni, wanawake wengi wenye shida wangerudishwa nyumbani kama wazima.

Wajawazito wanaonyesha tatizo lingine pia. Mimba yenyewe huleta uchovu, usingizi wa mang’amung’amu na kutapika chakula, na maradhi kama VVU na malaria nayo humchosha mtu bila huzuni yoyote. Dodoso lenye maswali mengi ya mwili litampa alama za bure. John Cox na wenzake walilizingatia hilo walipotunga dodoso la Edinburgh la mama aliyejifungua, mwaka 1987. Maswali yake kumi yameegemea hisia na mawazo, na hata linapouliza usingizi linauliza kama ni huzuni iliyouondoa. Mtoto mchanga kulia usiku kucha hakuhesabiwi.

Iko pia njia ya kuanzia nyumbani badala ya kuazima. Zimbabwe walitunga dodoso la Kishona lenye maswali 14 kutokana na maneno ya wagonjwa na waganga wao wenyewe, likiwemo suala la kufikiri kupita kiasi. Ndilo linalotumika kwenye Benchi la Urafiki, ambako bibi waliofunzwa huwasikiliza watu. Mimi naipenda njia hii kwa sababu inaanza kwa kuuliza mateso yanasemwaje hapa. Lakini nayo haikwepi mtihani: dodoso la nyumbani lazima lilinganishwe na mahojiano ya mtaalamu kama lile la kigeni.

Basi ukisoma kwamba dodoso “limethibitishwa”, uliza limethibitishwa kwa nani, kwa lugha ipi, likilinganishwa na nini, na kwa kikomo gani. Kiswahili cha wanafunzi wa chuo Nairobi hakimthibitishii mtu dodoso la wazee wa Kigoma.

Na kuna jambo ambalo takwimu hazilibebi. Swali la tisa la PHQ-9 linamuuliza mtu kama amekuwa na mawazo kwamba afadhali afe. Akijibu ndiyo, hata kama jumla yake ni 4 na kikomo ni 10, haachwi aondoke na karatasi yake. Kabla utafiti haujaanza lazima ijulikane ni nani atakayekaa naye siku hiyo hiyo, na atapelekwa wapi.