Usiuachie wosia kazi ya kukuzika

Mteja niliyemwandikia wosia akishamaliza kugawa nyumba na viwanja, mara nyingi hushusha sauti: "Na kuna jambo la kuzikwa kwangu." Mmoja hataki jeneza. Mwingine anataka majivu yake yamwagwe baharini. Mimi huandika kila neno, kisha humweleza jambo lisilomfurahisha: karatasi hii huenda ikafunguliwa udongo wa kaburi ukiwa umeshakauka.

Hata ikifunguliwa mapema, katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza maiti si mali. Huwezi kuurithisha mwili wako kama shamba. Anayeamua kwa kawaida ni msimamizi wa mirathi uliyemtaja. Msingi wake ni kesi ya Williams dhidi ya Williams ya mwaka 1882. Henry Crookenden alikuwa amemwagiza rafiki yake, Eliza Williams, auchome mwili wake na kuyaweka majivu katika chombo maalumu. Familia ikamzika. Bibi yule akapata kibali cha kumfukua, kwa maelezo kwamba atamzika kwingine, akamsafirisha hadi Milan na kumchoma huko. Alipodai gharama zake, mahakama ikasema agizo la marehemu halikuwafunga wasimamizi. Sheria ilikuwa sahihi, lakini kila nikiisoma kesi hii moyo wangu uko upande wa Eliza.

Sasa mtazame Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1832. Ombi lake lilikuwa la ajabu zaidi: mwili upasuliwe kwa ajili ya elimu, kisha mifupa ivishwe nguo zake na ikalishwe kitini. Likatimizwa. Bado amekaa katika chuo cha University College London, ingawa kichwa ni cha nta, kwa sababu kile halisi kiliharibika kilipokaushwa. Tofauti yake na Crookenden ni moja: mwili ulifika mikononi mwa Southwood Smith, daktari na rafiki aliyejua anachotakiwa kufanya na akakubali kukifanya.

Askofu Mkuu Desmond Tutu naye aliomba jeneza la bei nafuu kabisa. Januari 2022 watu wakaona sanduku la msonobari lenye vishikio vya kamba. Mwili wake haukuchomwa kwa moto, uliyeyushwa kwa maji moto yenye alkali, na mifupa iliyobaki husagwa ikawa unga.

Kwa hiyo mimi humuuliza mteja: nani atakayekuzika, na umeshamwambia? Baadhi ya majimbo ya Marekani huruhusu kumteua mtu huyo kwa maandishi. Penye nafasi hiyo, itumie.

Mimi nataka sanda ya pamba na udongo, bila jeneza. Nimewaambia wanangu wote wakiwa pamoja, ili asije mmoja akadai alisikia tofauti. Mdogo alilia, tukasubiri, tukaendelea. Mahali pa kaburi sikuchagua. Wao ndio watakaolizuru, basi walichimbe pale watakapofika bila taabu.