Achana na minara, tazama madirisha

Ukitaka kujua kama ngome ya kabaila wa Kiingereza ilijengwa kwa vita au kwa kujionyesha, minara iache kwanza. Tazama madirisha. Mimi ni mtu wa historia ya majengo, na hapo ndipo ninapoanzia kila mara. Mnara unaweza kukutisha bure, lakini dirisha kubwa linalotazama nje halizuii adui yeyote.

Chukua Stokesay, karibu na mpaka wa Wales. Aliyeijenga, Laurence wa Ludlow, hakuwa mpiganaji. Alikuwa mfanyabiashara wa sufu, tena tajiri kiasi cha kumkopesha mfalme. Mwaka 1291 Edward wa Kwanza alimpa kibali cha kuweka menomeno juu ya kuta zake, yaani yale meno ya ukuta ambayo wapiga mishale hujificha nyuma yake. Kupewa kibali hicho ilikuwa heshima kubwa, na wengi walikitafuta kwa ajili ya jina tu. Laurence akajenga mnara mnene wa kupendeza, kisha katikati akaweka ukumbi wenye madirisha marefu pande zote mbili. Mwenye ngazi angeingia bila jasho. Miaka mitatu baada ya kibali alizama baharini, akiwa katika msafara wa meli za sufu. Na vita vilipofika kweli, vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, mwaka 1645, ngome ilisalimu amri bila mapigano ya maana.

Sisemi zote zilikuwa urembo. Caernarfon na Conwy, ambazo mfalme huyohuyo alizianza mwaka 1283, zilijengwa kuwatia watu wa Wales adabu, na hakuna anayezitazama akabaki na shaka. Ila hizo zilikuwa za mfalme. Makabaila walikuwa na hesabu zao.

Hesabu hizo zinaonekana vizuri kuliko popote, kwa maoni yangu, pale kwenye jumba la Hardwick Hall, Derbyshire. Mwenyewe alikuwa Elizabeth, Countess wa Shrewsbury, maarufu kama Bess wa Hardwick. Aliolewa mara nne, na alipofiwa na mume wa nne mwaka 1590 alikuwa miongoni mwa wanawake matajiri kabisa Uingereza. Mwaka huohuo ujenzi ukaanza, na mwaka 1597 akahamia. Watu wakaimba kwamba Hardwick ina vioo kuliko ukuta.

Simama mbele yake uhesabu ghorofa. Madirisha yanarefuka kadiri macho yanavyopanda, kwa sababu vyumba vya wageni wa heshima viko juu kabisa. Kioo kilikuwa ghali mno zama hizo. Dohani zimepitishwa kwenye kuta za ndani ili kuta za nje zibakie huru kwa vioo, na pale mpangilio ulipogoma fundi aliweka dirisha la uongo: nje vioo, nyuma yake dohani. Juu ya minara sita zimesimama herufi za jina lake, ES, zikiwa na taji. Mama huyu hakuwa na haya.

Wala hakuwa mbadhirifu. Mwaka 1592 alinunua mazulia 13 ya ukutani yenye kisa cha Gideoni kutoka kwa warithi wa Sir Christopher Hatton, aliyekuwa waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Yalikuwa na nembo za Hatton, naye akadai apunguziwe pauni 5 za gharama ya kuzibadilisha. Akapunguziwa. Nembo zikafunikwa kwa vitambaa vilivyopakwa rangi, na paa jike wa Hatton akaongezwa pembe ili awe paa dume wa ukoo wa Cavendish, ukoo wa watoto wake.

Miaka hiyohiyo, kati ya 1593 na 1596, Wareno walikuwa wakijenga Ngome ya Yesu Mombasa: kuta nene, pembe zilizotokeza ili mizinga ifagie kila upande. Ndivyo ulinzi ulivyokuwa umefika wakati wa baruti. Kuta nyembamba zenye menomeno hazikuwa na kazi tena vitani, na kabaila aliyetaka kuheshimiwa alinunua vioo.

Kilichokuja kuziangusha nyumba hizi ni kodi. Bei ya nafaka ilishuka kuanzia miaka ya 1870, mapato ya mashamba yakayeyuka, na mwaka 1894 serikali ikaja na kodi mpya ya mirathi. Katika karne ya 20 mamia ya nyumba yalibomolewa. Duke wa 10 wa Devonshire, wa ukoo uleule wa Bess, alijaribu kumkabidhi mwanawe mali mapema ili kodi isiwaguse, lakini akafariki mwaka 1950 kabla muda wa kisheria haujatimia. Asilimia 80 ikadaiwa. Hardwick ikatolewa kulipia sehemu ya deni, na mwaka 1959 ikaingia mikononi mwa National Trust, shirika la hisani linalohifadhi majengo ya kale.

Wao ndio waliorithi bili ya vioo vya Bess. Mwanga, vumbi na moshi vilikuwa vimeyachakaza mazulia ya Gideoni kwa karne nne, na kuyahifadhi yote 13 kulichukua miaka 24, hadi 2023. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa saba.